Mizani ya Serikali Sokoni: Tukisoma Tena "Kusadikika"

Ndugu msomaji, katika mabaraza yetu ya Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga kuna mjadala usiokwisha. Wako wanaosema: "Serikali ishike biashara zote kubwa, maana wafanyabiashara hawana huruma." Wako wanaojibu: "Serikali iache biashara, maana mali ya Serikali ni shamba la bibi, kila apitaye huchuma." Kila upande una ushahidi wake. Wa kwanza huonyesha kiwanda kilichofungwa na vijana waliokosa kazi. Wa pili hukumbusha foleni za sukari na sabuni. Kisha kahawa inakwisha, watu wanaagana, na suala limebaki pale pale lilipokuwa.

Kwa maoni yetu mjadala huu haumaliziki kwa sababu unaulizwa kombo. Tunauliza nani awe na duka, wala hatuulizi nani ataikagua mizani ya mwenye duka. Ili tulitazame jambo hili kwa utulivu, tumeona bora tulipime kwa kitabu cha mtu wa kwetu, naye ni marehemu Sheikh Shaaban Robert, na kitabu chenyewe ni "Kusadikika". Tutakihakiki kitabu kwa historia ya pwani yetu, na historia yetu tutaihakiki kwa kitabu.

Mwandishi na kitabu chake

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Wengi tunamjua kwa tungo zake, lakini wachache hukumbuka kazi iliyompa chakula. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko, kwa miaka mingi. Forodha ndipo mahali ambapo mkono wa dola na mkono wa mfanyabiashara hukutana juu ya mzigo mmoja. Mtu aliyekaa pale hahitaji kuelezwa kwamba dola na soko ni majirani, wala kwamba baina ya majirani hao hupita haki na hupita dhulma.

"Kusadikika" kilichapishwa mwaka 1951, mwandishi akiwa angali mtumishi wa serikali ya Kiingereza. Ni kisa cha nchi iliyo angani. Karama, kijana aliyetaka kuwafundisha watu elimu ya uwakili, anashitakiwa na Waziri Majivuno. Katika kujitetea anaeleza habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliopelekwa pande mbalimbali kuitafutia nchi yao manufaa. Kila mmoja alirudi na elimu na mashauri mema, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mwishowe mfalme anatambua dhulma, Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa.

Nguvu ya kitabu hiki iko hapa: hakisemi kwamba Kusadikika ilikosa mali, wala akili, wala watu wa kujitolea. Nchi ilikuwa navyo vyote. Ilichokosa ni sikio. Wakubwa wake walimwogopa mwenye kuleta habari kuliko walivyoogopa hasara yenyewe. Tukiushika ufunguo huu, milango mingi ya historia yetu itafunguka.

Mkonge na ahadi ya 1967

Tuanze na mkonge, maana huwezi kuieleza Tanga bila mkonge. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche michache, kiasi cha sitini tu, ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche ile yakaenea mashamba ya Muheza, Korogwe na kwingineko, reli ikabeba nyuzi hadi bandarini, na watu wakaletwa kutoka mbali kuwa manamba. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikawa ya kwanza duniani. Lakini faida kubwa ilikwenda kwa wenye mashamba, na wengi wao hawakuwa wenyeji. Aliyechomwa na miiba ya mkonge hakuwa ndiye aliyehesabu fedha zake.

Basi lilipotangazwa Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikachukuliwa na Serikali, watu wengi waliona haki imefika. Hatuna haki ya kuicheka furaha yao leo. Dini yetu yenyewe inakataza mali isizunguke baina ya matajiri peke yao. Nia ilikuwa njema, na asemaye kwamba Azimio lilikuwa wivu tu hakuyajua maisha ya kambi za manamba.

Je, ilikuwaje hata katikati ya miaka ya 1980 nchi ikawa haifikishi tani 40,000? Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Sababu moja haikuwa mikononi mwetu. Kamba za nailoni na plastiki, zitokanazo na mafuta ya petroli, ziliingia sokoni, na bei ya mkonge ikaanza kuanguka kabla hata ya mashamba kutaifishwa. Hata malaika angekuwa meneja asingeizuia plastiki. Lakini sababu nyingine ilikuwa yetu. Mkonge hukaa miaka kadhaa shambani kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Usipopanda leo, njaa yake utaiona baadaye. Shirika linaloongozwa na mtu aliyeteuliwa kutoka juu, ambaye kesho huenda akahamishiwa shirika jingine, halina anayeumia kwa shamba lisilopandwa. Karani aonaye pori linameza mistari ya mkonge, akaandika taarifa, huyo ni Buruhani. Taarifa yake iliishia wapi? Hakutiwa gerezani, la. Karatasi yake ndiyo iliyofungwa kabatini.

Duka, bei na foleni

Ama biashara ya ndani, hiyo kila nyumba inaikumbuka. Kwanza lilikuwako Shirika la Taifa la Biashara. Likavunjwa, na kuanzia mwaka 1973 kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, tuliyoizoea kwa jina la RTC. Mwaka huo huo ikawekwa sheria ya bei, na Tume ya Bei ikapanga bei za vitu vingi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, na mwaka huo huo ukapita ule mwendo wa kufunga maduka ya watu binafsi ili yachukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Duka la mtaani lililokuwa likimkopesha mjane nusu kibaba cha mchele likafungwa, na duka la kijiji halikuwa na mchele wa kukopesha.

Kisha yakaja mambo juu ya mambo: mafuta ya petroli yakapanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikazuka mwaka 1978. Fedha za kigeni zikakauka. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vikawa vitu vya kupangiwa foleni, na wazee hukumbuka kwamba hata bafta ya sanda ilitafutwa kwa kibali. Pwani ya kaskazini ikafungua mlango wake wa zamani: Horohoro kwa miguu, Moa na Jasini kwa majahazi, bidhaa zikaingia kutoka Mombasa na Vanga usiku.

Wanavyuoni wetu wamelizungumza jambo la bei tangu karne za mwanzo. Imepokewa kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, naye akajizuia, akionyesha kwamba hataki kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhulma katika mali yake. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, akalifafanua jambo hili. Ikiwa bei imepanda kwa uhaba wa kweli, kumlazimisha muuzaji ni kumdhulumu. Ikiwa imepanda kwa sababu watu wameficha chakula au wameshikana ili kuwakamua wenzao, basi mtawala ana wajibu wa kuingia kati. Tazama jinsi mizani hii ilivyo sawa. Haimwachi mlanguzi, wala haimpi mtawala rungu la kila siku.

Naye Ibn Khaldun, katika "Muqaddima" aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba mtawala akigeuka kuwa mfanyabiashara huwadhuru raia na huiharibu hazina yake mwenyewe. Mtaji wake ni mkubwa kuliko wa mtu yeyote, hakuna awezaye kushindana naye, hununua kwa bei aitakayo na kuuza kwa bei aitakayo, mpaka wafanyabiashara wakate tamaa, na wakikata tamaa kodi nayo hukatika. Makosa ya miaka ile hayakuwa kwamba Serikali ilifungua duka. Kosa lilikuwa kwamba mwenye duka, mpanga bei, mtoa leseni na hakimu walikuwa mtu mmoja. Mteja aliyepunjwa na duka la RTC alikwenda kumshitaki nani, na kwa nani?

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa, mali zilizofichwa zikatolewa, na wengi walimpenda kwa ukali na usafi wake hata alipofariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984. Hatupunguzi heshima yake. Lakini ukweli ni kwamba mlanguzi ni mdudu aotaye penye uhaba. Ukimwua mdudu ukauacha unyevu, kesho wamejaa wengine. Mwaka ule ule wa 1984 Serikali yenyewe ikaruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na rafu za maduka zikaanza kujaa.

Wala tusiwalaumu wakubwa peke yao. Sisi wa majumbani tulikuwa na sehemu yetu. Mtu alilaani magendo barazani, na jioni akapokea doti ya kanga kwa mlango wa nyuma. Mgawaji wa duka la kijiji aliyejiwekea mifuko miwili chini ya meza alikuwa mtoto wa mtu, na mamaye aliipokea sukari ile bila kuuliza. Tulimwita mjanja. Kitabu kina jina jingine kwa mtu huyu: khaini wa amana.

Ruksa, na kuuzwa kwa mali

Alipoingia Rais Ali Hassan Mwinyi mwishoni mwa mwaka 1985, upepo uligeuka. Mwaka 1986 tukapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi. Na katika miaka ya 1990 Serikali, iliyokuwa na mashirika ya umma kiasi cha mia nne, ikaanza kuyauza. Mwishoni mwa muongo huo mali za Mamlaka ya Mkonge nazo zikauzwa.

Wale waliochoshwa na foleni walidhani dawa imepatikana. Na kweli yako yaliyopona. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanza mwaka 1980 chini ya Serikali, kiliuzwa kwa kampuni za nje na moshi wake haukuzimika. Lakini kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza mwaka 1972, kilikuwa kimekwisha fungwa. Hicho kilikuwa mradi wa Serikali uliotegemea malighafi zilizoletwa kwa meli kutoka nje. Fedha za kigeni zilipokwisha, nacho kikakata pumzi. Hakuna ubinafsishaji wala utaifishaji uwezao kukiokoa kiwanda kilichokosewa hesabu tangu msingi.

Tukirudi kwenye kitabu, tutaona kwamba kuuza kulifuata adabu ile ile ya kutaifisha. Mwaka 1967 mfanyakazi wa shamba alisikia redioni kwamba shamba sasa ni lake. Miaka thelathini baadaye akasikia kwamba si lake tena. Mara zote mbili hakuulizwa. Majivuno wa kwanza alisema "kwa niaba ya umma"; Majivuno wa pili akasema "kwa ajili ya soko". Maneno yamebadilika, mlango wa mahakama umebaki umefungwa. Na kwa vile paka akiondoka panya hutawala, Serikali ilipoondoka sokoni bila kumwacha mkaguzi mwenye meno, wenye nguvu walijitwalia nafasi. Mkulima wa viazi na mboga wa Lushoto anaijua lumbesa, lile gunia linalovikwa kofia kichwani, likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Mkulima wa machungwa wa Muheza huuza matunda yangali mtini kwa sababu ana shida ya fedha na mnunuzi anajua. Hao ndio wale wanaotajwa katika Suratul Mutaffifin: wakijipimia hutaka kamili, wakiwapimia wengine hupunja. Aya zile hazikuuliza kama mpunjaji ni shirika la umma au mtu binafsi.

Serikali inarudi kwa mlango mwingine

Sasa tumo katika kipindi cha tatu, na hiki ndicho kinachotuhusu zaidi. Serikali inarudi katika uchumi, ingawa si kwa vazi la mwaka 1967. Mkonge umetiwa miongoni mwa mazao ya kimkakati, wakulima wadogo wanahimizwa kupanda, na vyama vyao vya ushirika vimepewa uzito. Bandari ya Tanga, ambako kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na mizigo ikabebwa kwa matishari, imechimbwa na kujengwa upya kwa zaidi ya shilingi bilioni 400 za umma. Na Chongoleani, mahali ambapo jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Agosti 2017, ndipo mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Katika bomba hilo shirika letu la mafuta, TPDC, lina hisa 15 katika 100, Uganda ina kiasi hicho hicho, na sehemu kubwa, hisa 62, ni ya kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies.

Basi Serikali ya leo ni mjenzi, ni mwenye hisa, na ni msimamizi, yote kwa pamoja. Hatusemi kwamba hilo ni baya. Gati la bandari halijengwi na mwenye duka. Wala ukiritimba wa Serikali si lazima uwe dhulma. Visiwani karafuu hununuliwa na shirika la Serikali, ZSTC, na bei ilipokuwa duni zilivuka kutoka Pemba kwenda Mombasa usiku. Bei ya mkulima ilipoinuliwa sana mwaka 2011, magendo yakapoa. Bei ya haki ilifanya kazi ambayo boti za doria zilishindwa kuifanya.

Upungufu wa kitabu

Hapa ndipo inapotupasa kumhakiki mwalimu wetu kwa adabu. "Kusadikika" kinamalizika vizuri, lakini kinamalizika kwa rehema ya mfalme. Karama ameokoka kwa sababu alipata siku za kusema na mfalme akapata moyo wa kusikia. Je, mfalme yule akifa? Je, Majivuno akirithiwa na Majivuno mwingine aliye mwerevu zaidi, atakayempa Karama kazi nzuri ili anyamaze? Kitabu kinatupatia sauti ya haki, lakini hakitupatii afisi ya haki, yaani kitu cha kudumu kisichotegemea wema wa mtu mmoja. Na sisi tulikisoma hivyo hivyo. Kwa miaka mingi tumekuwa tukingojea kiongozi mwema, mkali au mpole, badala ya kujenga mizani isiyojali nani amekaa kitini.

Waislamu wa zamani walikuwa na jina la afisi hiyo: hisba. Muhtasib hakuuza wala hakununua. Kazi yake ilikuwa kupita sokoni, kukagua vipimo, kuwazuia wafichao chakula, na kuwakemea wakubwa kwa wadogo. Imepokewa, ingawa wapo wanavyuoni waliohitilafiana juu ya habari hii, kwamba Khalifa Umar aliweka mkono wa usimamizi wa soko la Madina kwa mwanamke, Shifaa binti Abdullah. Sharti la kazi lilikuwa uaminifu na elimu.

Leo afisi za namna hiyo tunazo. Yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kila mwaka hutoa taarifa ya hesabu za mashirika. Iko Wakala wa Vipimo, ambayo lumbesa ni kazi yake. Iko mikutano mikuu ya vyama vya ushirika. Swali ni lile lile la kina Buruhani: mjumbe akirudi na habari, anasikilizwa au anafungiwa kabatini? Na swali hili si la wakubwa tu. Mwanachama wa ushirika wa mkonge asiyehudhuria mkutano wa hesabu, akaenda siku ya malipo peke yake, amejifunga mwenyewe. Baba anayemwambia mwanawe "usiulize, utajiletea balaa" amemnyamazisha Karama kabla Majivuno hajafika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari ijayo mjadala utakapozuka barazani, tusimwulize mwenzetu kama yuko upande wa Serikali au upande wa soko. Tumwulize mambo matatu. Je, mwenye kuuza ndiye pia mwenye kupanga bei na mwenye kuhukumu? Je, hesabu zinasomwa mbele ya wale wenye mali? Je, aliyesema kweli bado yuko kazini? Palipo na majibu mema kwa maswali hayo, duka la Serikali litakuwa na baraka na duka la mtu binafsi litakuwa na baraka. Pasipo na majibu hayo, tutabadilisha kibao cha mlangoni kila baada ya miaka ishirini, na mizani ya ndani itabaki ile ile iliyopinda.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wapimao sawa, na atupe ujasiri wa kuitazama mizani ya mwingine baada ya kuitazama ya kwetu. Amin.